Kompyuta ya Juu na Kompyuta ya Chini

Aminieli Mchome alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali zote za Upareni hazina dawa yake: alitaka kujua kila kitu kinaanzia wapi. Alipokuwa mtoto, kijijini kwao Mhezi, alitumwa kuchota maji mferejini. Akaiacha ndoo pale pale na kuufuata mfereji kwenda juu, ili aone yanakotoka. Walimkuta jioni msituni, amekaa juu ya jiwe kando ya chemchemi, ameridhika kabisa. Baba yake alimchapa, kisha akamuuliza ameona nini. "Yanatoka chini ya mzizi," akajibu. Akachapwa tena, maana hilo kila mtu alikuwa analijua.

Utu uzima haukumponya. Aliposhuka Same kutafuta maisha alikuwa fundi redio, kibanda chake kikiwa si mbali na stesheni ya reli, na malalamiko ya wateja yalikuwa yale yale miaka yote: redio zinakaa sana kwa fundi. Zilikaa kwa sababu Aminieli akishaupata ubovu alikuwa haishii hapo. Aliendelea kufungua hata sehemu zisizo na ubovu, aone tu. Redio nyingine zilirudi kwa wenyewe zikiwa na sauti nzuri kuliko siku ziliponunuliwa. Nyingine, tuseme ukweli, hazikurudi. Baadaye simu za mkononi zikaja na redio ndani yake, wateja wakapungua, mkewe akafariki, naye akafunga kibanda na kupanda zake mlimani kwenye shamba la kahawa na maharage aliloachiwa na baba.

Jirani yake wa kwanza, ukishuka mteremko, ni dada yake Irine. Huyo ndiye mkubwa. Alifanya kazi ya unesi hospitali ya Gonja mpaka akastaafu, na nyumba yake aliijenga kwa mshahara wake mwenyewe, kwenye kipande ambacho baba yao alimkabidhi mbele ya mashahidi. Hakuna mtu aliyewahi kumshauri ahamie kwa mwingine akaimaliza sentensi. Ila masikio yake yalikuwa yamekufa. Ukimpigia kelele alitikisa kichwa kukubali, hata kama umemuuliza iwapo nyumba inaungua. Watu wa kanisani waliuita upole. Aminieli, aliyekua naye, alijua kwamba kile kichwa kinatikiswa ili mtu aache kupiga kelele.

Irine ana mtoto mmoja tu, Daudi, anayeshughulika na kompyuta za kampuni moja ya mizigo Dar es Salaam. Daudi alimnunulia mama yake simu ya kisasa, na simu hiyo ikaleta balaa. Kusikia, mama hasikii. Herufi zilikuwa ndogo, na vidole vyake vilivyokakamaa kwa baridi yabisi vikigusa kile kioo vilifungua mambo asiyoyataka. Siku moja alimpigia mchungaji kwa video akiwa amejifunga kanga moja. Tena hata mtandao wenyewe haukufika nyumbani kwake, kwa kuwa mwamba mkubwa umekaa katikati ya nyumba yake na mnara wa simu. Ulifika kwa Aminieli, huko juu, halafu ukaishia hapo.

Basi mwaka huo, mvua za vuli zilipoanza, Irine akateleza kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Alikaa pale chini, kiuno kikimuuma, mpaka Aminieli alipopita na kumwona. Hakuvunjika, lakini kupanda mteremko hakuweza tena. Daudi aliposikia alimpigia mjomba wake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Mjomba, mama hawezi kukaa huko tena. Nitamleta Dar akae na mimi."

Aminieli alimwandikia dada yake maneno hayo kwenye kipande cha karatasi. Irine aliyasoma, akachukua kalamu, akaandika chini yake: *Dar kuna joto.* Halafu akarudi kwenye maharage yake. Aminieli alirudi kwake polepole. Watoto wake mwenyewe walikuwa wametawanyika, mke hayupo, na kwenye mteremko ule wote mtu pekee aliyemwita kwa jina lake fupi, Amini, alikuwa Irine. Akiondoka, yeye atabaki na kuku.

Akampigia Daudi, akambembeleza, wakavutana wee, na mwisho Daudi akatoa sharti moja.

"Kila siku asubuhi, kabla sijaanza kazi, nione neno lake. Aliloliandika yeye, mjomba, usimwandikie wewe. Siku nisipoliona neno la mama, nakuja kumchukua siku hiyo hiyo."

Aminieli akamwandikia dada yake sharti hilo pia, ndipo akakumbuka kompyuta za Bi Mwanaidi.

Mwanaidi ni mfanyabiashara wa Same mjini. Sasa anauza vitenge na vyombo, lakini kuna enzi duka lake lilikuwa la intaneti, watu wakipanga foleni barazani kusubiri kusoma barua pepe. Enzi hizo zilipopita alibaki na kompyuta mbili za kichogo, zile zenye kioo kinene na mgongo mrefu nyuma, akazifunika kanga stoo.

"Mzee Aminieli, chukua zote mbili," alimwambia. "Zinanimalizia nafasi. Kila nikitaka kuzitupa, roho inanisuta."

Zikapanda mlimani kwenye gari la abiria, zimezungushiwa magodoro, zimekaa siti ya nyuma kama wakwe. Aminieli aliiwasha moja mezani kwa dada yake ili tu amwonyeshe. Irine akabonyeza kitufe kimoja. Kilizama, kikarudi juu, na herufi ikatokea kwenye kioo, kubwa, ya kusomeka bila miwani. Akabonyeza kingine. Vitufe vile vinene vilikuwa na adabu: kidole kikitetemeka juu yake havikufanya kitu mpaka ubonyeze kwa kukusudia. Irine akacheka, na dada huyo si mtu wa kucheka ovyo.

Likabaki suala la mtandao uliokataa kupita mwamba. Daudi alishauri vifaa vya kisasa, akavitaja majina. Aminieli alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza lake.

"Hizi mbili zenyewe haziwezi kugawana? Ya kwangu ipokee, iipitishie ya dada?"

Daudi akajibu. "Zinaweza. Zamani ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Lakini mjomba, ni kazi."

Kumwambia Aminieli kwamba jambo fulani ni kazi ni sawa na kumkaribisha chai. Wiki ile shamba la maharage liliota magugu. Alitafuta modemu ya kuchomeka laini ya simu, akatafuta waya mrefu, akaupitisha ndani ya mpira wa maji ili panya na majembe wasiukate, akaanza kuulaza kutoka kwake kwenda kwa dada yake, kwenye ukingo wa mfereji. Hapo akasimamishwa na Fanueli, anayelinda ndiva ya upande ule.

Ndiva ni bwawa letu dogo la udongo, na kule Upareni mtu anaweza kukusamehe mengi lakini si kuchezea ndiva. Jioni Fanueli huufunga mlango wake, maji ya kijito yakajaa, na asubuhi huufungua yashuke mferejini kwa zamu, shamba kwa shamba. Alitazama ule mpira kwa mashaka.

"Unaiba maji, Aminieli?"

"Hakuna maji humu. Ni intaneti."

Akamweleza. Fanueli alisikiliza, mkono kidevuni. "Kwa hiyo wewe uko juu, na dada yako yuko chini."

"Ndiyo."

"Basi sheria unaijua. Mtu wa juu hamkaushi wa chini." Akampa ruhusa, na bila kuombwa akamsaidia kufukia.

Sehemu ngumu ilikuwa ndani ya kompyuta zenyewe. Daudi alimwelekeza kwa simu jioni baada ya jioni, na polepole Aminieli akauona ule mpango. Kompyuta ya juu ilihitaji milango miwili, mmoja wa kupokea kutoka kwenye modemu na mwingine wa kupitisha kwenye waya, na kati ya hiyo miwili lazima ikubali kwa hiari kuwa njia. Ya chini nayo, kila inapoamka, huuliza huko juu kuna nani. Ya juu ikijibu, huipa ya chini namba ya kujulikana nayo, na kila kitu kinapita. Hilo walilithibitisha siku umeme ulipokatika na kurudi. Ya chini iliwahi kuamka, ikauliza, haikujibiwa, basi ikajitungia namba yake ya uongo na kukaa kimya, ikijiona iko hewani kumbe iko peke yake.

Aminieli alifurahi mno kuligundua hilo, akashuka mbio kumwonyesha dada yake kwa mikono: kwanza ya juu iamke, halafu hii izime, uiwashe tena. Irine alimsogeza pembeni, akaizima, akaiwasha, mambo yakakaa sawa. Mtu aliyekesha wodini miaka yote ile haonyeshwi kitu mara mbili.

Daudi alikuwa amewatengenezea ukurasa mwepesi wa maandishi matupu, wa kuzifaa kompyuta kongwe. Neno la kwanza la Irine lilikwenda kwa kidole kimoja, herufi kubwa tupu, maana za nini ndogo:

HAPA BARIDI. NIPO.

Jibu likaja: *Shikamoo mama.* Irine akalitazama muda mrefu. Alikuwa hajaisikia shikamoo ya mwanawe kwa miaka. Akaandika MARAHABA, kisha akaandika tena MARAHABA, bila kuulizwa.

Aminieli hakuweza kukaa. Alipanda mbio nyumbani kwake kuona kama maneno ya dada yanaonekana yakipita. Hayakuonekana. Kwenye pembe ya kioo kulikuwa na picha mbili ndogo za kompyuta, zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima. Alivuta kiti akazitazama. Kila zilipowaka alijua dada yake anaongea, na alijiuliza maneno yanapita na umbo gani humo ndani, kama yanapita moja moja au kwa mkupuo, na yanajuaje kwamba yasiishie kwake.

Hivyo wakaingia kwenye mazoea. Irine alimwandikia mwanawe kila asubuhi kabla ya uji: nani kazikwa, nani kaolewa, kiuno kimeamkaje. Daudi naye alianza kuandika zaidi ya salamu. Lakini hakufika. Kila alipoulizwa lini atakuja alisema kazi nyingi, mama, na mara ya mwisho kufika Mhezi ilikuwa kwenye msiba wa mke wa Aminieli.

Halafu mambo yakaanza kwenda kwa kusuasua. Neno la asubuhi likawa linachelewa, mara Daudi analiona akiwa tayari kazini, mara linakatikia njiani. "Mjomba, angalia huko," alionya. "Mimi sharti langu ni lile lile."

Aminieli aliangalia. Alifuata waya wote, akashika kila kiungio, akafikiri. Ndipo akagundua kwamba Irine haizimi ya kwake. Aliiacha ikiwaka mpaka kunapambazuka. Alipenda mwanga wake, kwa mtu asiyesikia mwanga ni mtu wa kukaa naye. Basi picha nzima ikajipanga kichwani mwa Aminieli, safi kabisa. Kama ya chini inakunywa usiku kucha, asubuhi juu kutabaki nini? Dawa yake anaijua mtoto yeyote wa Mhezi. Jioni ile, jua lilipozama, aliizima kompyuta ya juu ili intaneti ijae.

Alfajiri akaiwasha. Zile picha mbili zikatokea, modemu ikawaka taa yake, na moyoni alisema leo neno la dada litateremka lenyewe. Hakusubiri. Feni ya kompyuta ilikuwa inakwaruza na gari la Same lilikuwa linapiga honi barabarani, akalidandia aende akatafute feni nyingine kwa Mwanaidi.

Njiani ni makorongo matupu, simu ikawa bubu. Ilipofufuka, pale dukani kwa Mwanaidi, ilitetemeka mpaka ikaanguka kwenye rundo la sufuria. Daudi alikuwa amempigia, akapiga tena na tena.

"Kuna nini?" Mwanaidi aliuliza.

"Neno la dada halijafika. Lakini haiwezekani. Jana nimeifunga jioni, imejaa vizuri."

"Imejaa nini?"

Akamweleza. Mwanaidi alishika kaunta, akacheka mpaka ushungi ukamvuka. "Mzee Aminieli! Intaneti haijai! Ingekuwa inajaa, si ningekuwa tajiri? Mimi si nilikuwa nafunga duka kila jioni?"

Aminieli akafungua mdomo ajibu, na papo hapo akaona alichokifanya. Ya chini ililala macho. Ilipoachwa na ya juu ilijipa namba yake ya uongo, na mpaka sasa imekaa nayo. Alimpigia Daudi.

"Daudi, mama hajambo, kosa ni langu, nisikilize..."

"Mjomba, nimeshapita Chalinze," Daudi alisema. "Nisubiri hapo Same."

Walipanda mlima pamoja kwenye gari la Daudi. Aminieli alieleza kila kitu, ndiva na yote, na Daudi hakucheka. Alisema tu kwamba ndiyo maana, mjomba, huwezi kumweka mzazi kwenye kamba ya kukatika hivi.  Aminieli alitazama mawe ya barabarani yakipita, akaona aibu, na chini ya aibu akaona huzuni, kwani alijua kitakachofuata.

Irine walimkuta ameketi sebuleni, ameoga, amevaa gauni la kanisani. Nyumba imefagiliwa. Mezani kulikuwa na chupa ya chai na vikombe vitatu. Alimkumbatia mwanawe, akamshika mashavu, akamgeuza geuza kama anayekagua mgonjwa. Aminieli aliviona vile vikombe, akataka kujiuliza jambo, lakini siku hiyo hakuwa na hamu ya kujiuliza.

Daudi alisogea sikioni kwa mama yake na kupiga kelele. "Mama! Kesho tunaondoka! Sawa?"

Irine akatikisa kichwa.

"Unaona, mjomba? Amekubali mwenyewe."

Kesho yake Daudi akaanza kukusanya nguo za mama yake. Aminieli alisimama mlangoni, akamtazama dada yake anavyotazama nguo zake zikiingia begini, akashindwa kuvumilia.

"Daudi, acha kwanza. Mama yako hajakubali kitu. Kile kichwa anakitikisia hata mbuzi. Twende juu ukamuulize."

"Nimeshamuuliza."

"Umempigia kelele. Twende."

Akainama kwenye kompyuta ya chini, akaizima, akaiwasha. Irine alimwangalia akifanya hivyo, akavuta kiti akaketi mbele ya kioo. Mjomba na mpwa wakapanda mteremko. Daudi akaketi kwenye kompyuta ya juu, akaandika polepole kama mtu aliyelazimishwa:

*Mama, unataka kwenda Dar?*

Zile picha mbili za kwenye pembe zikawaka na kuzima. Likaja:

SITAKI.

Daudi akageuka kumtazama mjomba wake, akarudi kwenye kioo. *Mbona juzi uliandika na jana hukuandika? Mama, niliogopa. Nilidhani umeanguka tena.*

"Mwambie ni mimi," Aminieli alisema. "Mwambie mtambo ulikufa kwa kosa langu."

Lakini picha zilishaanza kuwaka. Ziliwaka, zikazima, zikawaka. Kidole kimoja huko chini kilikuwa kinafanya kazi ndefu, na ilibidi wangoje.

ULIKUFA NILIONA. KUUFUFUA NAJUA. AMINI ALINIONYESHA.

Na baada ya kitambo:

ULISEMA SIKU USIPOONA NENO LANGU UNAKUJA. NILITAKA KUJUA KAMA UNAKUJA KWELI.

 Feni ya kompyuta ilikwaruza. Aminieli akasoma tena, midomo ikimchezacheza. Sasa akavielewa vikombe vitatu na gauni la kanisani. Dada yake aliketi asubuhi nzima mbele ya kitu anachojua kukitengeneza, akaacha kukitengeneza, kisha akaenda kuoga.

"Mjomba," Daudi alisema kwa sauti ndogo, "mama amenijaribu?"

"Amekujaribu."

Daudi akaweka vidole kwenye vitufe. *Nimekuja, mama.*

NIMEKUONA, likaja jibu. MWAMBIE AMINI AACHE KUZIMA. NA WEWE USINGOJE AZIME NDIYO UJE.

Daudi akalia. Hakujificha wala hakugeuza uso. Alipomaliza alishuka mteremko peke yake, na Aminieli alimwacha aende, akabaki anazitazama zile picha mbili ndogo, ambazo sasa zilikuwa zimetulia kwa sababu mtu na mama yake walikuwa chumba kimoja.

Daudi aliondoka Jumapili baada ya ibada. Kwenye siti aliyokuwa amemwandalia mama yake alikuwa ameweka gunia la maharage, akalifunga mkanda.